Kipande Kilichokosekana Ndani ya Ordinatere ya Papa

Kama na weye ulikulia Bunia miaka ile ya vita, hauna haja ya kuelezwa asubuhi zetu zilinukia nini. Zilinukia mavumbi mekundu yaliyonyeshewa usiku, majani makavu ya kaliptusi ambayo mama zetu waliwashia moto, na mandazi yakigeuzwa ndani ya mafuta ya mawese. Watu wakiitaja miaka ile leo, wanataja risasi peke yake, na hawasemi uongo. Lakini siye tulikuwa watoto, na mtoto hawezi kuogopa kutwa nzima. Anachoka, anaanza kucheza.

Tulicheza nzango, wasichana mistari miwili, mikono ikipigwa na miguu ikirushwa mpaka mavumbi yanatufikia magotini. Wavulana walishona mpira kwa mifuko ya plastiki na nyuzi za migomba, wakaupiga mpaka unabaki kitambaa. Milio ikisikika kwa mbali, upande wa milimani, tuliendelea kucheza. Ikikaribia, Mama alikuwa na neno moja tu, "Chini!", na wote tulilala sakafuni, yeye akiwa ameikumbatia sufuria ya maharagi ili isimwagike. Milio ikinyamaza tulisimama, tukala. Shule ilifunguliwa na kufungwa kama duka la mutu mugonjwa, lakini ikifunguliwa tulikimbia kwenda, na aliyechelewa alichapwa kama vile nchi iko na amani. Watoto wangu siku hizi wakikosa mtandao tangu asubuhi mpaka saa sita, wanajilaza kwenye kiti wakisema maisha ni magumu. Ninawaangalia tu.

Katika utoto ule, kitu kilichoifanya nyumba yetu ijulikane kartie nzima, mtaa wetu wote, ni ordinatere. Ndivyo tulivyoiita kompyuta, kwa Kifaransa chetu cha shule. Na yetu haikutoka dukani ikiwa nzima, ilizaliwa juu ya meza yetu ya kulia.

Papa alitoka Butembo kabla sijazaliwa, akafungua kibanda sokoni cha kuuza mawe ya radio, yale mnayoita betri, pamoja na tochi na kanda. Kila alipokwenda Kampala kuchukua bidhaa, alirudi na kipande kimoja. Safari moja ilikuwa sanduku la chuma, safari nyingine ekra, kioo cha picha, iliyofungwa ndani ya koti lake mwenyewe, naye akashuka kwenye lori akitetemeka kwa baridi lakini akicheka. Vipande vingine vililetwa na jirani yetu, Mwalimu Anselmi, aliyefundisha hesabu shule ya sekondari. Padri mmoja alikuwa amempa mashine zake mbovu, na Mwalimu akachomoa ndani yake kila kilichokuwa bado na uhai. Wawili hao walikaa jioni nyingi kabla giza halijaingia, vichwa vimegusana, wakiunganisha. Mama alipoteza meza yake, akatuandalia bugali na sombe kwenye mkeka, akisema kwamba sasa nyumba iko na mutoto mungine asiyekula chakula, anakula mafuta ya grupe. Grupe ni jenereta, kwa wale ambao hawakukaa kwetu.

Ilipowaka mara ya kwanza, watu walijaa mpaka dirishani. Haikuwa na kifuniko ubavuni, ulikuwa unaona matumbo yote, kama mbuzi aliyechunwa na bado anapumua. Tangu siku hiyo tulipiga mialiko ya harusi, vyeti vya shule, matangazo ya misiba. Na waliokaa mbele yake kuliko watu wote tulikuwa mimi na Zawadi, binti ya Mwalimu, ambaye nilikaa naye benchi moja shuleni. Mwalimu alitufundisha majina ya vipande vyote, na kazi ya kila kimoja. Alituonyesha bareti mbili za kumbukumbu, vipande vyembamba kama rula fupi, ambavyo mashine hushikilia ndani yake kazi inayofanya sasa hivi. Kingo zake zina rangi ya dhahabu, na yeye alituruhusu kuzipangusa.

Halafu ordinatere ikaanza kugonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kukera: ulikuwa unaandika vizuri, ghafla picha inasimama. Unabonyeza hiki na kile, haijibu. Lazima uizime, na ulichoandika kimeenda. Bibi harusi mmoja alikaa uani kwetu toka mchana, akisimama na kukaa, mialiko yake ikiandikwa na kupotea, ikiandikwa na kupotea, mpaka mama yake akaanza kuuliza kama nyumba hii iko na uchawi.

Kila mutu alikuwa na jibu. Papa aliilaumu grupe, kwamba moto wake wa umeme unaruka. Mama alisema ni joto. Baba mdogo Kambale, mdogo wake Papa aliyekaa nasi, alisikia mahali kwamba mashine hupata virusi, akakataza mwenye mafua asiikaribie. Mwalimu Anselmi peke yake hakutaja jibu. Alisema neno ambalo mimi na Zawadi tulilikariri mpaka tukaligeuza mchezo, tukiambiana kila kitu kikipotea: "Usihukumu kipande kama haujakijaribu peke yake."

Basi wakaanza kupima. Waliazima grupe ya kanisa, mashine ikasimama vilevile, kwa hiyo grupe yetu haikuwa na kosa. Kwa swali la joto, Mwalimu alituweka mimi na Zawadi kila mmoja na ungo wa kupepetea mchele, tukaipepea mashine mchana mzima mpaka mabega yanauma. Ikasimama na ubaridi wake. Mama akasema sawa, amekubali. Walichomoa diski na kuirudisha. Kazi ilikwenda polepole, kwa sababu tatizo lililojificha lilikuwa linakuja linapotaka, na kwa sababu milio ilikuwa inakaribia.

Asubuhi moja haikuwa tena ya mbali. Wenye kukumbuka wanajua mambo yalivyokwenda: mji ulikuwa unashikwa na upande mmoja, watu wa upande mwingine wanakimbia, kisha mambo yanageuka na wengine nao wanakimbia. Siye tuliotoka Butembo hatukuwa wa huku wala wa huku, lakini risasi haiulizi. Mama alifunga mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukakimbia na umati kuelekea uwanja wa ndege, na Papa na baba mdogo wakatukuta huko. Familia ya Mwalimu ilikuwa ya upande ambao siku ile haukuweza kupita kwenye vizuizi vya barabarani. Niligeuka nikamwona Zawadi amesimama mlangoni kwao. Hakunipungia mkono. Tuliangaliana tu, kisha mama yake akamvuta ndani.

Tulikaa chini ya mahema ya plastiki tukila uji, mpaka tulipoambiwa tunaweza kurudi. Kurudi ni neno tu. Nyumba yetu ilikuwa imeporwa mpaka mabati. Milango, vitanda, sufuria ya maharagi, hata bawaba za madirisha hazikuwepo. Kwa Mwalimu chumba kimoja kilikuwa kimeungua, na wenyewe wote wamekwenda, watu wakasema walipita mashambani kwa miguu kuelekea milimani. Papa hakuuliza habari ya ordinatere. Alisimama katikati ya nyumba isiyo na paa, akaangalia mbingu, akasema tushukuru tuko hai.

Mama alitaka kupika. Alijua mke wa Mwalimu alikuwa anaweka makaa kwenye jiko lao la uani, akaenda kuangalia kama wezi wamebakiza kidogo. Waliyaacha, nafikiri kwa sababu makaa yanachafua. Akayachimba kwa mikono. Nikamsikia anamwita Papa kwa sauti ambayo alikuwa anaitoa akiona nyoka tu. Tulipofika, alikuwa amekaa chini, mweusi mpaka viwiko, na mbele yake kuna kitu kimefungwa kwa kitenge cha mke wa Mwalimu. Ilikuwa ordinatere, na ekra yake pembeni. Mwalimu na watu wake, wamezungukwa, hawajui kama watafika jioni, walivuka uani kwetu wakaichukua, wakaifukia.

Papa alilia. Sikuwahi kumwona analia kabla ya hapo.

Furaha ile haikudumu. Tulipopata mabati machache na kuazima grupe, Papa aliiunganisha mbele ya watu wengi. Vantilateri, feni yake ya ndani, ikazunguka, lakini ekra ikabaki nyeusi, na mashine ikatoa mlio mrefu, ikanyamaza, mlio mrefu, ikanyamaza, kama mutoto anayelilia maziwa. Papa aliangalia ndani. Mahali pa bareti za kumbukumbu palikuwa pawili, na bareti ilikuwa moja. Ya pili haikuwepo.

Baba mdogo alikuwa wa kwanza kusema. "Kaka, ile ndiyo kipande ya bei. Wale watu wamebeba yenye faida, wametuachia sanduku. Sasa hivi iko inauzwa soko ya Mahagi. Siye tunalia, wao wanatucheka."

Siku nyingine lingekuwa neno la kupita. Wakati ule maneno ya namna hiyo yalikuwa kila mahali, kisimani, sokoni, kwenye foleni ya unga: wale watu ni hivi, wale watu ni vile. Na mji ulikuwa umejaa makaburi yaliyoanzia kwenye maneno. Papa alifunika mashine na kitenge kilekile. Lakini tangu siku ile niliona kwamba hamwiti tena Mwalimu. Alisema "wale", kama wengine. Na mimi, nikiwa peke yangu, nilianza kujiuliza kama Zawadi alikuwa anajua.

Hapo ndipo walipokuja wanaume wawili, wa upande uliokuwa umeshika mji, waliokuwa wanaangalia nyumba zilizoachwa. Walitaka kuipa familia nyingine lupango ya Mwalimu, yaani kiwanja na nyumba yake, na kazi yao ilikuwa kuuliza majirani. Waliuliza kwa upole, wakiwa wamekaa kwenye tofali zetu. Hawa watu walikuwa wa namna gani? Waliishi nanyi vizuri? Mnafikiri watarudi? Baba mdogo alikuwa amekwisha kufungua kinywa, Mama akamwangalia, akakifunga. Mwishowe Papa aliwaambia wapite tena baada ya siku chache, kwamba iko kitu bado anaangalia.

Walipoondoka, Mama hakupaza sauti. Mama yetu alipokuwa na hasira kweli, alisema polepole, akiendelea na kazi.

"Uliwahi kuona mwizi gani anabebaka kidole, anaacha mutu?" alimwambia Papa akichambua majani ya lenga-lenga. "Wanakuuliza juu ya jirani yako, na weye mashine haujaipima hata mara moja. Umeifunika tu kama maiti."

"Kipande haiko, Mama Kavira. Nimeona na macho yangu."

"Umeona haiko. Juu ya sababu gani haiko, haujaona."

Kavira ni mimi. Nikasikia kinywa changu kinasema lile neno la Mwalimu, kwamba usihukumu kipande kama haujakijaribu peke yake. Nilitegemea kofi, kwa sababu mtoto haingilii maneno ya wakubwa. Papa aliniangalia, akasimama, akaondoa kitenge.

Tulikaa chini, mimi na yeye. Alichomoa bareti iliyobaki akaishika juu ya mwanga. Kingo zake hazikuwa na dhahabu tena, zilikuwa zimefifia, na vumbi la makaa lilikuwa limegandana na unyevu ndani ya meno yake. Zamani mimi na Zawadi tulizipangusa kwa gome, kifutio cha penseli, lakini gome yangu ilikwenda na mkoba wangu. Papa alikata kipande kwenye kandambili iliyokatika, ile ile lastiki tuliyofutia madaftari wakati wa shida. Nikafuta taratibu, upande mmoja, kisha wa pili, nikipuliza, mpaka dhahabu ikarudi. Naye akasafisha mahali pake kwa brosi ya meno. Akaisukuma ndani mpaka ikalia "tak". Akavuta kamba ya grupe.

Bip. Moja, fupi. Ekra ikajaa mwanga.

Mama alikuja na majani mkononi. Papa akaanza kuandika, chochote, majina yetu, majina ya miji, bei ya chumvi, akingojea picha isimame kama zamani. Haikusimama. Aliandika mpaka mafuta ya grupe yakaisha. Kesho yake akaandika tena, akaniachia mimi, nikaandika mashairi yote ya shule niliyoyajua. Haikusimama. Kabla hatujakimbia haikuweza kufika mchana bila kufa.

Nilikuwa karibu na Papa alipoelewa. Aliinama akaangalia ndani tena. Bareti iliyobaki, ile aliyoinunua Kampala, ilikuwa kwenye nafasi ya kwanza tangu tulipoifukua mashine, palepale Mwalimu alipotufundisha kwamba ikiwa moja, lazima ikae. Zamani pale palikuwa pa ile nyingine. Aliyeondoka na kipande ili akakiuze asingehangaika kuhamisha kilichobaki na kukipanga vizuri.

"Alikuwa anaendelea kupima," Papa alisema. "Watu wanapigana barabarani, yeye iko ndani anapima mashine yetu. Akaipata ugonjwa. Akaitoa."

Akarudi nyuma, akaegemea ukuta, akaficha uso kwenye mikono. Baba mdogo, aliyekuwa mlangoni, alikohoa, akasema kwamba kumbe virusi ilikuwa kwenye ile bareti. Tulicheka, hata Mama, na alistahili kuchekwa, lakini tangu siku hiyo sikumsikia tena akisema "wale watu".

Wale wanaume wawili waliporudi, Papa hakungoja waketi. Alisema lupango ile iko na mwenyewe, mwenyewe iko safarini, na yeye ndiye anaichunga. Wakamuuliza kama anajua anasema nini, siku kama zile, juu ya watu wa upande ule. Akasema anajua. Wakaenda. Kwa muda mrefu Mama hakumruhusu atembee peke yake jioni. Yeye akaanza kulima maboga kwenye kiwanja cha Mwalimu, ili kila anayepita aone kuna mutu.

Siku zile watu waliopotezana walitafutana kwa radio. Ulikwenda pale studio na karatasi yako, mtangazaji akasoma majina, na kila nyumba yenye mawe ya radio ilinyamaza. Papa alipeleka tangazo lake. Wengine walitangaza vifo na watoto waliopotea, lake likasomwa katikati yao: Mwalimu Anselmi, popote ulipo, mashine iko muzima, nyumba iko, rudini. Mtangazaji alisita kidogo kwenye neno mashine. Tulirudia kulipeleka mara nyingi.

Walirudi msimu wa mahindi, mji ulipotulia. Niliona kwanza mke wa Mwalimu, kisha Zawadi, amekuwa mrefu na mwembamba, amevaa viatu vya mwanaume. Tulisimama tukaangaliana kama siku ile ya mlangoni, halafu akanikimbilia. Alininukia moshi na majani. Tukaanza kucheka wote wawili.

Mwalimu alikuja nyuma, polepole, na fimbo. Alimshika Papa mkono, na badala ya salamu zote ambazo mutu angetegemea, aliuliza, "Inasimamaka tena?"

"Haisimame," Papa alisema. "Hata siku moja."

"Nilijua ni ile. Nilitaka nikuachie alama, lakini walikuwa wanagonga milango."

"Na kipande chenyewe?"

"Niliitupa mu choo. Niliogopa utaikuta, utairudisha."

Papa alianza kucheka, na kicheko kikageuka kitu kingine, akawa anashikilia bega la Mwalimu. Ndipo alipomwambia yote: Mahagi, wale wanaume wawili, jinsi alivyoacha kulitaja jina lake. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Siku zile kila mutu aliogopa mwenzake. Hata mimi, njiani, nilifikiri pengine umepatia watu nyumba yangu." Akaomba chai.

Wazee wote wawili wamelala makaburini sasa. Zawadi aliolewa mji wa Aru, tunaongea kwa simu, na watoto wetu wanajuana kwa picha. Bunia imejengeka. Kartie yetu ina umeme saa nyingi kuliko zamani, na mwanangu wa mwisho ana simu yenye nguvu ambayo mashine ya Papa isingeiota. Juzi ilianza kusimama. Akaipiga kidogo kwenye goti, akaniambia imekufa, tununue nyingine. Nilimuuliza kama ameijaribu. Akaniangalia kama mutu anayeongea na mama wa zamani sana, akauliza ajaribu nini, vitu vya siku hizi havifunguliwi.

Ni kweli, nilipoigeuza sikuona hata skrubu moja. Baadaye nilimuuliza jina la jirani yetu mpya, aliyejenga ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake. Hakulijua. Nikataka kumkaripia, kisha nikagundua kwamba na mimi silijui. Jioni ile nilichuma maboga mawili, nikajifunga kitenge, nikaenda kugonga mlango wake.